Je, wajua kwa nini mguu wa kiti uliopindia mtini hauvunjiki ovyo?

Mibuni ikizeeka kwenye vihamba vya Moshi, yaani mashamba ya kuzunguka nyumba, hung'olewa, na mingi huishia jikoni. Lakini wapo mafundi seremala wanaoiokoa isiwe kuni. Kiti wanachokitoa bado kinafanana na mti: mguu umepinda kama tawi, mgongo umetanuka kama panda. Wengi hudhani ni urembo tu. Urembo upo, ila nguvu ndiyo inayonivutia zaidi.

Mbao ni nyuzi ndefu zilizolala kufuata urefu wa shina. Aliyewahi kupasua kuni anajua: ukilisimamisha gogo na kulipiga kichwani, linaachana kwa pigo moja au mawili, ukilikata kwa ubavu, utatoka jasho. Mbao ikivutwa kufuata nyuzi huhimili zaidi ya mara 10 ya inavyohimili ikivutwa kukatisha nyuzi.

Sasa chukua ubao ulionyooka, uchore mguu wa kupinda, uukate kwa msumeno. Pale kwenye mpindo nyuzi zimekatwa, zinatokea ubavuni. Stuli ya nyumbani kwetu ilivunjika hapo hapo. Nilipokiokota kipande kilikuwa kimechanika kimshazari, laini kabisa, bila uzi hata mmoja uliochomoza. Nyuzi hazikukatika, ziliachana tu.

Tawi halina shida hiyo, kwa sababu nyuzi zake zimepinda nalo tangu lilipokuwa changa. Panda ni imara zaidi, maana pale kwenye maungio nyuzi za shina na za tawi zimesukana. Watoto wanalijua hili: panda ya manati haichongwi kwenye ubao, inatafutwa juu ya mpera. Mafundi wa majahazi huko pwani nao huchagua miti iliyopinda yenyewe kwa ajili ya mataruma, yaani mbavu za chombo. Hata fundi wa samani Michael Thonet, aliyetoa kiti chake namba 14 huko Austria mwaka 1859, hakuukata mpindo. Alilainisha fito kwa mvuke kisha akazikunja, nyuzi zikabaki nzima.

Kazi ngumu ni kukausha. Mti husinyaa kuzunguka duara lake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kwenye kiini, ndiyo maana tawi la mviringo hupasuka likianikwa juani. Fundi mzuri huliweka kivulini, akapaka gundi au nta kwenye ncha zake, maana maji hutorokea huko haraka. Wengine huuchonga ulimi, ile ncha inayoingia tunduni, ukiwa mkavu na kuuingiza kwenye mguu ulio mbichi kidogo. Mguu ukikauka, tundu linaubana ulimi.

Ukienda kununua, pitisha kidole kwenye mistari ya mbao pale kwenye mpindo. Ikishuka nao hadi chini, lipa. Ikikatikia ubavuni, mwambie fundi akuonyeshe kingine.