Ukumbi kujaa si bendi kutajirika

Msimu wa korosho ukifunguka, kuanzia Oktoba, bendi za dansi hushuka kusini, na maneno ni yale yale: "Wamejaza Masasi, wanarudi Dar na mamilioni." Wanaosema hivyo wanahesabu vichwa mlangoni, hawahesabu kinachotoka.

Tuseme wameingia watu 300 kwa kiingilio cha shilingi 5,000. Hiyo ni 1,500,000. Bia na soda kwa kawaida ni za mwenye ukumbi. Dar hadi Mtwara mjini ni zaidi ya kilomita 550, kwa hiyo Coaster ya kukodi, dizeli na posho ya dereva vinakatwa kwanza. Hapo bado gari la matangazo, kibali, gesti na chakula cha watu 15. Mpiga besi aliyekesha jukwaani anaweza kuondoka na 20,000. Inauma kumwona mtu aliyekunywa bia tano akibembeleza kuingia bure.

Na zile noti anazobandikwa mwimbaji kwenye paji la uso? Mara nyingi hubaki mfukoni mwake; hazijazi tangi la gari.

Ndiyo maana bendi makini haiji kwa onyesho moja. Hupiga Lindi Ijumaa, Mtwara Jumamosi, Newala Jumapili, gharama ya safari moja ibebwe na maonyesho matatu. Hata hivyo yote yanategemea korosho: malipo ya wakulima yakichelewa, kama msimu wa 2018/2019, hela ya kiingilio inatoka wapi?