“Mali iliyouzwa hairudishwi”: mstari wa fakture na kasoro iliyofichika

Mimi ni avoka, yaani wakili. Mama mmoja wa mtaa wa Katuba, muuza samaki, aliniwekea mezani fakture (ankara) ya njano iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amenunua friza ya okazi, yaani iliyokwisha kutumika, hapa Lubumbashi mjini. Dukani ilichomekwa, ikanguruma, taa ikawaka, akalipa. Siku ya tatu ikazima na katoni mbili za samaki wa tomsoni zikaoza. Aliporudi, muuzaji alimwonyesha mstari wa chini wa fakture: mali iliyouzwa hairudishwi wala haibadilishwi.

“Avoka, si nilisaini?” akaniuliza.

Mstari huo naukuta kila mara, na unaniuma, kwa sababu watu wanameza hasara yao kimya wakidhani sheria ndiyo imesema. Wengine huniambia kwamba Kongo hakuna sheria ya kumlinda mnunuzi. Ipo Sheria ya 9 Julai 2018, lakini hiyo inahusu bei na ushindani. Kwa friza mbovu mimi hushika ya zamani zaidi: Dekreti ya 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo hadi leo ndiyo Kitabu cha Tatu cha sheria zetu za kiraia. Inamtaka muuzaji awajibike kwa kasoro iliyofichika, yaani ile inayokifanya kitu kisifae kwa kazi yake, au ambayo ungeijua usingenunua, au ungetoa bei ndogo. Mlango uliobonyea uliuona mwenyewe, basi ni shauri lako. Kompresa, mashine ya ndani inayoleta baridi, hukuweza kuiona.

Na ule mstari? Unaweza kumsaidia muuzaji ambaye kweli hakujua. Aliyejua akanyamaza haumkingi: anarudisha bei na kulipa hasara iliyofuata, samaki wakiwemo.

Kwa hiyo shauri lote lilikuwa hapo: alijua? Muuzaji alisema ni kurani, yaani umeme, ya Katuba imeua friza. Hoja hiyo si ya kupuuza, maana kitu kikiharibika kwa ajali, hasara ni ya mnunuzi. Kikifa kwa kasoro yake chenyewe, ni ya muuzaji. Tulimwita fundi. Akafungua bati la nyuma mbele yetu sote na kutuonyesha bomba la shaba lenye solda mpya, lililopakwa rangi nyeusi ili lifanane na mengine. Akalikwaruza kwa ukucha, rangi ikatoka. Muuzaji hakutaja kurani tena.

Ndiyo maana nawasihi: msiruhusu mtu atengeneze kitu kabla fundi hajakiona mbele ya mashahidi na kuandika alichokuta. Tena msikawie. Sheria inataka dai liletwe upesi, na “rudi kesho, mama” inaweza kula wiki nyingi. Peleka barua, muuzaji asaini nakala yako kwamba ameipokea. Akikataa kusaini, nenda na mashahidi. Baada ya hapo ni tribunali, yaani mahakama.

Mnunuzi ana hiari: kurudisha kitu na kupewa bei yote, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei kwa makadirio ya wataalamu. Mama alichagua kurudisha. Barua ilitosha, pesa za samaki alilipwa kwa awamu mbili.

Friza aliyonunua baadaye aliiacha iwake dukani tangu asubuhi hadi jioni, yeye ameketi kando yake, kabla ya kutoa hata franka moja.