Maji ya mvua kwenye saiti yana mwenyewe

Kwenye saiti za Kampala kuna usemi wa siku nyingi: mvua ni ya Mungu, maji yake yaende yanakotaka, na ukishapata kibali cha ujenzi humdai mtu wala hudaiwi. Mvua ni ya Mungu, sawa. Tope ni lako.

Kibali cha ujenzi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, hakifuti Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 inayosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda. Miradi mikubwa hutakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na kanuni za mwaka 2000 zilitenga mita 200 za ufuo wa Ziwa Victoria kuwa eneo la hifadhi. Marekani, saiti inayofukua ekari 1 au zaidi kwa kawaida huhitaji kibali tofauti cha maji ya mvua.

Kwa nini usumbufu wote huu? Udongo uliovuliwa nyasi hauna kinga. Mchanga hutuama haraka na kuziba mitaro. Mfinyanzi mwembamba huelea, hupita mfereji wa Nakivubo hadi Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, upande uleule ambako mitambo ya Ggaba huvuta maji ya kunywa ya jiji.

Kinga yenyewe ni rahisi kuliko wakandarasi wanavyolalamika: acha ukanda wa nyasi upande wa chini, funika kifusi kwa turubai, chimba shimo la kutuamisha tope, mwaga kokoto getini. Na ukiweza, fukua msingi Januari, si Aprili.