Ruta pepe ni nini, na unaifungaje kwenye maabara ya nyumbani

Ruta pepe ni ruta isiyo na boksi. Ni programu inayokaa ndani ya kompyuta na kufanya kazi ileile ya kile kidude chenye antena: inapokea pakiti za data kutoka mtandao mmoja, inasoma zinakokwenda, inazipeleka kwenye mtandao mwingine.

Mtu wa Tabora hahitaji hadithi ndefu hapa. Stesheni yetu inafanya kazi ya namna hiyo tangu reli ya Mwanza ilipokamilika mwaka 1928: treni ikitoka Dar es Salaam, hapa ndipo njia zinapoachana, hii ya Kigoma, hii ya Mwanza. Njia ingekuwa moja tu, pasingekuwa na cha kuchagua. Ndiyo maana ruta yoyote, pepe au ya boksi, lazima iguse angalau mitandao miwili. Kwenye ruta pepe kadi za mtandao zenyewe ni za programu, kwa hiyo unaongeza ya pili, hata ya tatu, kwa kubofya tu.

Faida yake kubwa ni uhuru wa kuharibu. Jaribu kuchokonoa ruta inayotumiwa na nyumba nzima jioni ya mechi uone utakavyoitwa. Ya pepe ukiivuruga, unairudisha ilivyokuwa jana na maisha yanaendelea. Tena mashine pepe (kompyuta za programu ndani ya kompyuta yako) zikizungumza zenyewe kwa zenyewe, pakiti hazitoki nje ya kompyuta, na bando haliguswi.

Laptopu yenye ram ya GB 8 inatosha. Weka VirtualBox, programu ya kutengeneza mashine pepe, tengeneza moja, ipe ram ya MB 512 na ufunge Debian (aina ya Linux) tupu, ya kuandika amri tu. Kuna mifumo iliyotengenezwa mahsusi kwa kazi hii, kama VyOS, OPNsense na pfSense, lakini kwa anayeanza mimi naona Debian inafundisha zaidi, kwa sababu kila kitu unakiwasha kwa mkono wako na unakijua kilipo.

Kadi ya kwanza iache kwenye NAT. Hii ndiyo ya kutokea nje, na inafaa hasa kama intaneti yako ni hotspoti ya simu. VirtualBox kwa kawaida huipa anwani 10.0.2.15. Kadi ya pili iweke kwenye Internal Network, yaani mtandao wa mashine pepe zenyewe tu, uipe 192.168.50.1. Kisha tengeneza mashine pepe nyingine yenye kadi moja tu, nayo iwe Internal Network, anwani 192.168.50.10, lango lake (inakopeleka pakiti za nje) 192.168.50.1. Anwani hizi ni za ndani, zilizotengwa kwa matumizi hayo tangu miaka ya 1990. Jirani yako wa Isevya anaweza kuwa nazo zilezile na msigongane. Ila kadi mbili za ruta moja usizipe mtandao uleule, maana haitajua pakiti ipite upande gani.

Sasa ukiwa kwenye mashine ya pili, piga ping 192.168.50.1 (ping ni amri ya kuuliza kama mashine inajibu). Inajibu. Piga ping 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje. Kimya. Wengi hapa huanza kufuta kila kitu na kufunga upya, na ni kazi bure. Linux, ikiachwa ilivyo, haipitishi pakiti za wengine; inapokea zake tu. Kwenye ruta andika:

sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1

Bado unaweza kukuta kimya, na kimya hiki cha pili ndicho chenye somo. Pakiti sasa inatoka, lakini ina anwani 192.168.50.10, ambayo huko nje hakuna anayejua njia ya kuirudishia jibu. Ruta inatakiwa iibadilishe iwe anwani yake ya nje kabla haijaiachia, kisha jibu likija ikumbuke lilikuwa la nani. Kwenye nftables, programu ya Linux ya kusimamia pakiti, kazi hiyo inaitwa masquerade, nayo inawekwa kwenye kadi ya nje.

Ping ikikubali, piga traceroute, amri inayoonyesha njia pakiti inayopita. Mstari wa kwanza utasoma 192.168.50.1: hiyo ni ruta yako. Na kabla TANESCO hawajakata, iandike net.ipv4.ip_forward=1 (bila sysctl -w) kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d, na kanuni zako za nftables kwenye /etc/nftables.conf kisha uiwashe huduma yake, kwa sababu vilivyowekwa kwa kuandika amri tu hufutika mashine ikizimwa.