"Uji mzuri mwanangu", halafu bakuli limerudi limejaa: tunavyopima ladha kwa mtoto, kijana na mzee

Kazi yangu ni kuonjesha watu vyakula. Ukisikia hivyo unaona kama ni kazi ya starehe, na kuna siku ni starehe kweli, ila siku nyingi ni kuosha vikombe, kuandika namba kwa maka peni na kubembeleza watu wasichunguliane majibu. Kwenye kitengo chetu cha sayansi ya chakula tunafanya vitu viwili ambavyo watu wengi wanavichanganya, kwanza kupima mtu anapenda ladha gani, pili kupima anakula nini kila siku. Ni vitu viwili tofauti kabisa, mtu anaweza kupenda samaki kufa mtu na akamla mara moja kwa mwezi kwa sababu ya bei tu.

Nianze na bibi mmoja. Tulienda kijijini na uji wa aina 3, wa dona, wa ulezi, na wa ulezi uliochanganywa na soya ambao ndo tulikuwa tunautaka uenee kwa ajili ya protini. Bibi kaonja wote, tunamsomea skeli ya 1 mpaka 9, anajibu bila hata kufikiria. 9. 9. 9. "Uji mzuri mwanangu, Mungu awabariki." Kijana wangu wa kujaza fomu kafurahi kweli, mimi nikachukua lile bakuli la soya nikaliweka kwenye mizani ya jikoni. Tulimpimia gramu 200, zimerudi 170 na kitu, yaani kala vijiko viwili vitatu akaacha. Hapo mdomo umesema 9 na bakuli limesema kitu kingine kabisa.

Na bibi hajadanganya jamani. Mgeni katoka mbali, kaja na chakula, kasema shikamoo vizuri, utamwambiaje chakula chako kibaya? Pengine na anawaza tu kwamba akiponda, mradi utahamia kijiji cha jirani. Ni adabu tu, na ukiwa mtafiti ukaandika adabu ya watu kwenye kompyuta ukaiita data, unakuja kupeleka magunia ya unga ambao hamna anayeula.

Hiyo skeli ya 9 ina historia yake. Ilitengenezwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, kwenye taasisi ya chakula ya jeshi iliyokuwa Chicago, shida yao ilikuwa kujua wanajeshi wanakula nini na wanatupa nini. 1 ni sipendi kabisa kabisa, 5 ni katikati, 9 ni napenda mno. Kwa Kiingereza zile hatua zimepangika vizuri, shida inaanza ukizileta kwenye Kiswahili. Jaribu mwenyewe kutofautisha "napenda sana" na "napenda mno" mbele ya mama anayeuza vitumbua asubuhi na wateja wamepanga foleni. Halafu ile hatua ya 6, "napenda kidogo". Kwetu mtu akisema anakipenda kidogo, mara nyingi anakwambia kistaarabu kwamba hakitaki. Wakati huohuo ukimuuliza mtu vipi chakula akajibu "siyo mbaya", huyo kasifia! Na kuna "kinalika", ambayo ukiisikia ujue mpishi ana kazi ya kufanya. Kwa hiyo siku hizi kwa watu wazima natumia hatua 5 tu, na kabla ya kuanza tunakaa na watu wa eneo lile tunakubaliana maneno yao wenyewe, maana neno la Pemba sio lazima liwe na uzito uleule Mbeya.

Mambo mengine ya kuzingatia ni madogo madogo ila yanaharibu kazi nzima. Usiandike sampuli A, B, C, watu wanaona A ni ya kwanza darasani. Tunaweka namba za tarakimu 3 za kubahatisha, mfano 417, 682, 935, na mpangilio unabadilishwa kwa kila mtu kwa sababu cha kwanza kuonjwa mtu akiwa na njaa huwa kinapendelewa. Maji ya kusuuza mdomo kati ya sampuli na sampuli. Usionjeshe watu waliotoka kula sasa hivi, wala aliyetoka kuvuta sigara. Maabara za wenzetu wana vibanda vya kukaa mmoja mmoja na taa nyekundu ya kuficha rangi ya chakula, sisi kijijini tunafunga khanga katikati ya madawati na maisha yanaendelea. Na uliza kabisa kuhusu mzio wa karanga na kuhusu kisukari kabla kijiko hakijafika mdomoni.

Sasa watoto. Mtoto wa miaka 4 ukimwambia toa namba anakutajia namba anayoipenda. Kwa hiyo tunatumia vikatuni vya nyuso, mdogo wa miaka 3 nyuso 3 zinamtosha, wa miaka 4 anaweza nyuso 5, wa miaka 5 na kuendelea unaweza kujaribu 7. Lakini nako kuna vituko. Dogo mmoja kanywa juisi ya ukwaju mpaka kalamba kikombe, namwambia nionyeshe uso wako, akagusa uso unaolia. Nikamuuliza kwa nini, akasema "huyu analia anataka tena." Tangu siku hiyo tunaanza kwa kumuuliza mtoto kila uso umefanyaje kabla ya kuonja chochote, na kwa wadogo kabisa naacha nyuso, naweka vikombe viwili mbele yake namwambia chagua kimoja umalizie. Na wakae mbalimbali, maana mmoja akisema "yakhi" darasa zima linasema yakhi.

Kwamba watoto wanapenda utamu kuliko sisi hiyo sio tabia mbaya wala sio kudekezwa, ni maumbile. Mtoto aliyezaliwa leo ukimdondoshea maji ya sukari uso wake unalegea, ukimpa kichungu anakunja uso, bila kufundishwa na mtu. Chumvi yeye haimhusu sana mpaka afike kama miezi 4 hivi. Ile hamu ya utamu mkali inakaa utoto wote na inaanza kushuka kwenye ujana, ndo maana ile soda ya rangi uliyoililia ukiwa darasa la pili leo ukinywa inakukaa kooni. Uchungu ni hivyohivyo kinyume chake, mchunga na mnafu ambavyo babu anavila kwa raha mjukuu anaviona kama adhabu, na kuna watu wamezaliwa na jeni (ile ya kurithi kwa wazazi) inayofanya uchungu wa aina fulani wausikie mkali kuliko wengine. Tofauti hiyo iligundulika kwa bahati mwaka 1931, mkemia wa Marekani anaitwa Arthur Fox unga wa kemikali ukamrukia hewani maabara, mwenzake akalalamika mchungu, yeye hasikii kitu chochote!

Lakini maumbile sio kila kitu. Mwaka 2001 watafiti wa kituo cha utafiti wa ladha na harufu cha Monell, Philadelphia huko Marekani, walichapisha kazi moja naipenda sana, akina mama wengine walikunywa juisi ya karoti wakiwa na ujauzito wa miezi ya mwisho, wengine wakati wananyonyesha, wengine maji tu. Baadaye watoto walipopewa nafaka yenye ladha ya karoti, wale ambao mama zao walikunywa juisi hawakukunja uso sana kama wenzao. Kwa maana hiyo mtoto anaanza kuonja mboga za nyumbani kwao kabla hajazaliwa. Na kwa mtoto wa miaka 2 mpaka 6 anayekataa kila kitu kipya, hiyo ni hatua ya umri tu, mpe kidogo bila kumlazimisha, mara ya kwanza, ya pili, inaweza kufika mara 8 au 10 au zaidi ndo akubali. Wazazi wengi wanaishia mara ya tatu wanasema "huyu hali matembele". Hujamaliza kumpima, mama.

Mfano mzuri wa umri kugombana na umri ni viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa. Vina vitamini A ya mimea kwa wingi, na kazi ya kuvisambaza Afrika ilifanya watafiti kadhaa wapate tuzo ya World Food Prize mwaka 2016, mmojawapo akiwa Robert Mwanga wa Uganda. Sasa watu wazima wengi huku kwetu wanataka kiazi kikavu, cha unga, kile kinachokukaba usipokuwa na chai. Zile mbegu za mwanzo za rangi ya chungwa zilikuwa na maji maji, wakubwa wakasema hiki kiazi au boga? Watoto wao hawakuwa na shida, kwao laini na tamu ndo sifa. Wataalamu wa mbegu wakarudi shambani kutafuta aina zenye ukavu. Ukipima watoto peke yao utasema kazi imeisha, ukipima wakubwa peke yao utasema mradi umekufa, na anayeamua nini kipandwe ni mkubwa.

Vijana ndo kundi linalonipa tabu kuliko yote, na sio kwa sababu ya ulimi. Ulimi wao uko vizuri kabisa, ishu ni kwamba wanakula kulingana na hela, marafiki na mahali walipo. Usimhoji binti wa miaka 16 mama yake akiwa pembeni, atakwambia amekula wali maharage na embe. Mkae wenyewe ndo utasikia chipsi mayai, soda na ubuyu wa pakti. Soda nyingi zina kama gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 350 ni gramu 35, vijiko vya chai 8 na zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, kama gramu 50 kwa mtu anayekula kalori 2,000, na ikishuka nusu ya hapo ni bora zaidi. Chupa moja tu imeshapita ile nusu.

Wazee. "Mboga haina chumvi." Kila nyumba yenye mzee inalijua hili na wakwe wengi wamelaumiwa bure. Kinachopungua zaidi kwa uzee ni pua. Kumbuka ukiwa na mafua chakula kinavyokuwa kama karatasi, basi wazee wengine wanaishi hivyo kila siku kwa kiasi fulani, ongeza mate kupungua, dawa za presha na nyinginezo, na meno. Sisi tunampa vikombe 3 vya maji, viwili maji matupu na kimoja kina chumvi kidogo, atuambie kipi ni tofauti, akikosa tunaongeza kidogo. Tunarudia mara kadhaa, kwa sababu hata anayebahatisha tu ana nafasi 1 kati ya 3 ya kupatia. Wengi wanakipata tukiwa tumeshaongeza mara kadhaa, wakati mjukuu alishakipata zamani. Sasa kumwongezea chumvi mtu mwenye presha sio jibu, kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate. Ongeza harufu: tangawizi, kitunguu saumu, limao, majani ya giligilani. Na ukipunguza chumvi taratibu ulimi unazoea ndani ya miezi 2 au 3 hivi. (Ile ramani ya ulimi tuliyochora shuleni, utamu mbele uchungu nyuma, isahau. Sehemu zote za ulimi zenye vinundu vya kuonjea zinasikia ladha zote.)

Upande wa kupima mazoea ya kula, tunatumia zaidi mahojiano ya saa 24, mtu anaeleza kila alichoweka mdomoni tangu jana. Tunapita mara kadhaa, kwanza aseme mwenyewe, halafu tunarudi kutafuta vilivyosahaulika, karanga za kwenye daladala, kipande cha muwa, chai ya msibani. Kwa mtoto mdogo tunamuuliza mama, na kama mtoto anashinda kwa bibi au shule basi mama hajui nusu ya habari. Kinachotuumiza kichwa zaidi ni sinia. Watu 6 wanakula pamoja kwa mkono, nitajuaje huyu kala gramu ngapi? Vitabu vingi vya njia hizi viliandikwa na watu ambao kila mtu ana sahani yake. Tunachofanya ni kupima sinia zima kabla na baada, halafu kumwomba kila mmoja atuonyeshe matonge yake kwa ugali tuliokuja nao, na bado ni makadirio. Epuka siku ya harusi na Iddi, na mtu mmoja mhoji siku 2 ambazo hazifuatani.

Kwa wanawake wa miaka 15 mpaka 49 kuna kipimo chepesi zaidi, makundi 10 ya vyakula, jana umegusa mangapi, 5 na kuendelea ni vizuri. Ugali, maharage na mchicha ni 3. Ongeza dagaa ni 4, ongeza papai ni 5. Nyanya ya kuungia isipofika gramu 15 haihesabiwi, na chai ya rangi hata ukinywa chupa nzima ni sifuri, hapo huwa watu wanacheka halafu wanakaa kimya.

Turudi kwa bibi. Safari ya pili sikumuuliza unapenda kiasi gani. Nilimwambia, shikamoo bibi, nikikuachia unga wa aina moja tu umpikie mjukuu, nikuachie upi? Kagusa wa ulezi hapohapo. Na huu mwingine? Akakaa kidogo, akasema "huo una harufu ya maharage mabichi." Sentensi hiyo moja ilitusaidia kuliko zile 9 zote, kwa sababu ni kweli soya isipopata moto vizuri kabla ya kusagwa inatoa harufu hiyohiyo. Tukarudi, tukaikaanga ndo tukasaga. Safari ya tatu kaonja, kalalamika sukari ndogo, katoa 4 kati ya 5, na bakuli likarudi tupu.