Kwa nini nywele huota tumboni, na je, wembe huzifanya ziwe nene?

Wanaume wengi wana mstari wa nywele unaoshuka kutoka kitovuni hadi kinenani, na hakuna anayewauliza. Mwanamke akiota nywele chache tu mahali hapohapo, huanza kujificha: hapandishi blauzi mbele ya wenzake, na siku ya kupimwa ujauzito kwa ultrasaundi anaona haya hata kulala kitandani. Swali linalomsumbua zaidi ni hili: akizinyoa kwa wembe, si zitarudi nene na nyingi kuliko mwanzo?

Hapana. Mwaka 1928, mwanaanatomia wa Marekani Mildred Trotter alichapisha utafiti wake kuhusu wanaume waliokuwa wakinyoa ndevu, akakuta kwamba kunyoa hakuongezi unene wa nywele wala kasi ya kuota. Kinachotudanganya ni mkono na jicho. Unywele ambao haujawahi kukatwa una ncha iliyochongoka, nyembamba kuliko shina. Wembe hupita kwenye shina, penye unene, na kinachochomoza siku mbili baadaye ni kisiki butu. Ukipitisha kiganja kinakwaruza, na kwa kuwa bado hakijapauka kwa jua wala sabuni kinaonekana cheusi zaidi. Huko chini kwenye mzizi hakuna kilichobadilika, maana sehemu inayokatwa imeshakufa na haina mshipa wa damu wala wa fahamu.

Basi zinatoka wapi? Zilikuwapo tangu tumboni mwa mama. Mtu huzaliwa na vinyweleo vyake vyote, takriban milioni 5 mwili mzima, na baada ya hapo haongezewi vingine. Tumbo la mtoto mdogo limejaa malaika, zile nywele laini zisizoonekana mpaka jua lipige kwa upande. Balehe ikifika, homoni za kundi la androjeni, ikiwemo testosteroni, huamuru baadhi ya vinyweleo viache kutoa malaika na kuanza kutoa nywele nene zenye rangi. Wanawake nao wana androjeni, kutoka kwenye ovari na kwenye tezi zilizo juu ya figo. Vinyweleo vya katikati ya tumbo, hasa chini ya kitovu, huitikia homoni hizo upesi kuliko vya ubavuni, ndiyo maana nywele hujipanga mstari. Na hazifiki urefu wa nywele za kichwani kwa sababu kila unywele wa mwilini hukua kwa miezi michache tu, kisha hupumzika na kudondoka.

Kwa hiyo nywele chache chini ya kitovu cha mwanamke ni jambo la kawaida, na mara nyingi ni la ukoo: mama anazo, shangazi anazo. Wakati wa ujauzito huweza kuongezeka, kisha zikapungua zenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua. Madaktari wana kipimo chao, kilichotokana na kazi ya Ferriman na Gallwey ya mwaka 1961. Sehemu 9 za mwili hupewa alama 0 hadi 4, na tumbo huhesabiwa mara mbili, juu ya kitovu na chini yake. Mara nyingi jumla ya 8 au zaidi humfanya daktari atafute sababu, ingawa kiwango hubadilika kulingana na asili ya mtu.

Sababu inayoongoza ni PCOS, hali ya homoni inayovuruga kazi ya ovari. Ukiona nywele za tumboni zinaongezeka huku hedhi inaruka miezi, chunusi haziishi na kidevu nacho kinaota, nenda hospitali kabla ya kwenda saluni. Zikiongezeka ghafla ndani ya miezi michache na sauti ikawa nzito, usisubiri hata kidogo, kwani huenda kuna uvimbe unaozalisha androjeni. Na kuna chanzo ambacho wengi hawakifikirii: mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi huchanganywa na dawa za steroidi, na steroidi ikipakwa kwa muda mrefu huotesha nywele palepale inapopakwa.

Asiye na tatizo la homoni ana hiari yake, aziache au aziondoe. Wembe ni rahisi, ila uwe mpya na wa peke yako. Lainisha ngozi kwa maji ya vuguvugu na povu, nyoa kufuata nywele zinakolala, na usirudie mahali pamoja mara nyingi. Nywele zetu za kipilipili zikikatwa chini sana hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, vikatoka vipele na mabaka meusi. Anayepata vipele hivyo atumie mashine, aache kisiki kidogo juu ya ngozi.

Krimu za kuondolea nywele huyeyusha unywele karibu na ngozi. Jaribu kwanza mahali padogo, usubiri siku nzima, na usizidishe dakika zilizoandikwa kwenye kopo. Nta, au sukari iliyopikwa na ndimu mpaka ikawa rangi ya asali, hung'oa na mzizi, hivyo ngozi hukaa laini kwa wiki kadhaa. Subiri ipoe vya kutosha, kwani ngozi ya tumbo huungua haraka.

Leza hupunguza nywele kwa muda mrefu, ila huwinda rangi nyeusi, na ngozi nyeusi nayo ina rangi hiyohiyo. Kabla ya kulipa, uliza kama mashine yao ni ya Nd:YAG, yenye mawimbi ya nanomita 1064. Hiyo hupenya chini zaidi na haiunguzi kirahisi ngozi ya juu. Wasipojua jibu, ondoka. Na jiandae kurudi mara kadhaa, kwa sababu leza hushika tu nywele zilizo katika kipindi cha kukua.