Usafi wa nyumba kando ya Ziwa Victoria: dhana potofu na ukweli wake

Katika nyumba nyingi za Mwanza, kuanzia vyumba vya kupanga vilivyojengwa juu ya mawe ya Mabatini na Igogo hadi nyumba zenye uani za Nyegezi na Buhongwa, usafi umegeuzwa kuwa jambo la kununua. Anayetaka nyumba yake ing'ae huambiwa anunue sabuni ya sakafu, sabuni ya vyombo, dawa ya choo na marashi ya chumbani, na mwishowe kabati la kufichia vitu vilivyozidi. Mwenye kipato kidogo akipiga hesabu hiyo hukata tamaa na kuona kwamba usafi ni wa watu wengine. Sikubaliani na mtazamo huo, na sisemi hivyo ili kuwafariji wasio na fedha, bali kwa sababu tabia ya uchafu wenyewe inaupinga. Uchafu mwingi wa nyumbani huondolewa kwa maji, sabuni ya kawaida, kusugua na muda, mradi kila kimoja kitumike kwa zamu yake. Zamu hiyo ndiyo inayovurugwa na dhana ninazozieleza hapa.

Dhana: dawa kali ndiyo inayosafisha

Dawa ya klorini, ambayo wengi huiita jiki bila kujali jina lililoandikwa kwenye chupa, ni nzuri kwa kazi yake, lakini kazi hiyo si kuosha. Klorini huua vijidudu na kufifisha madoa. Haing'oi mafuta wala udongo. Tena inapokutana na uchafu, nguvu yake huishia kwenye uchafu huo na haibaki ya kutosha kuua vijidudu. Ndiyo maana anayemwaga jiki moja kwa moja kwenye sakafu yenye matope, au juu ya ubao uliokatiwa samaki, hupata harufu ya hospitali bila kupata usafi wake. Ukweli ni kwamba sabuni hutangulia. Sugua kwa maji ya sabuni, suuza, kisha pakaa klorini iliyopunguzwa makali, uiache kwa takriban dakika 10 mahali hapo pakiwa bado pamelowa, ndipo usuuze tena.

Kipimo nacho kina hesabu yake. Chupa yenye klorini ya asilimia 3.5, ikichanganywa kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, hutoa mchanganyiko wa asilimia 0.5, na hiyo ndiyo nguvu inayofaa kwa sehemu iliyochafuliwa na matapishi au kinyesi, kwa mfano nyumba inapokuwa na mgonjwa wa kipindupindu. Sakafu ya sebule ya siku ya kawaida haihitaji klorini kabisa. Mchanganyiko huo hupungua nguvu kwa joto na mwanga, kwa hiyo changanya unaotosha siku hiyo tu, tumia maji ya baridi, na usiuweke kwenye chupa inayopitisha mwanga dirishani. Anayefuata kipimo hiki hukaa na chupa moja kwa muda mrefu sana.

Lililo baya zaidi katika dhana hii ni imani kwamba dawa mbili zikichanganywa huwa kali maradufu. Klorini ikikutana na ndimu, siki au dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza macho, koo na mapafu. Ikikutana na mkojo uliokaa, wenye amonia, hutoa gesi nyingine yenye madhara kama hayo. Vyoo vingi vya nyumba za kupanga ni vidogo na vina tundu moja tu la hewa, na anayeinama kukisugua huivuta gesi hiyo yote. Mwaga maji kwanza, tumia dawa moja, acha mlango wazi, na wazuie watoto wasisogee. Kuhusu siki na magadi soda, ambavyo siku hizi husifiwa sana vikiwa pamoja, povu lake linavutia macho lakini asidi ya siki na alkali ya magadi (kemikali iliyo kinyume cha asidi) huuana, na kinachobaki ni maji yenye chumvi isiyo na nguvu kubwa ya kusafisha. Kila kimoja kikitumika peke yake kina faida: magadi husugulia, siki huondoa ukoko mweupe wa chumvi za maji ndani ya birika.

Hapohapo niwatetee wanaotumia majivu, kwa kuwa wengi huyaona ni umaskini. Majivu ya kuni yana alkali ambayo hugeuza sehemu ya mafuta kuwa sabuni, na chembe zake husugua. Yachekeche ili mawe na vipande vya mkaa visikwaruze, chukua kiasi kwenye dodoki lililoloanishwa, na masizi ya nje ya sufuria yatatoka. Usiyaache yalale juu ya sufuria ya alumini, kwani alkali hula madini hayo. Na kwa anayepikia kuni, njia rahisi kuliko zote ni kupaka sabuni ya mche nje ya sufuria kabla ya kuibandika: masizi hushika kwenye sabuni, na wakati wa kuosha huondoka pamoja nayo bila kumchosha mtu.

Dhana: maji ya moto huondoa kila uchafu

Maji ya moto ni rafiki wa mafuta, na sufuria iliyokaangiwa sato haioshwi vizuri bila maji hayo. Lakini damu na ute wa samaki ni protini, na protini ikipata moto huganda kama ute wa yai kikaangoni. Mtu aliyetoka mwalo wa Kirumba na sangara wa kukata vipande, akimaliza kazi akamimina maji yanayochemka kwenye ubao na beseni, huigandisha damu katika mikwaruzo ya kisu, na kesho yake ubao unanuka ingawa umeoshwa. Utaratibu unaofaa unaanza na maji ya baridi na kusugua mpaka utelezi uishe; baada ya hapo ndipo sabuni na maji ya moto vifuate kuondoa mafuta, na mwisho ubao usimamishwe juani. Nguo iliyodondokewa damu hutendewa vivyo hivyo.

Harufu inayobaki mikononi na kwenye vyombo baada ya kuchambua dagaa hutokana na kemikali zenye asili ya alkali, na hivyo asidi ya ndimu huifaa kuliko sabuni ya manukato. Ganda la ndimu iliyokwisha kukamuliwa linatosha. Lisugue kwenye beseni, subiri kidogo, suuza. Hakikisha tu kwamba chombo hicho hakina klorini.

Dhana: nyumba safi ni ile iliyomwagiwa maji mengi

Anayepandisha dumu la lita 20 kichwani kwenye ngazi za mawe anajua thamani ya maji, na bado dhana hii imeshika hata huko mlimani. Sakafu iliyofagiwa vizuri ikiwa kavu, pembe zote na chini ya kitanda, haihitaji maji mengi. Vumbi likilowa kabla ya kuzolewa hugeuka tope, na tope ndilo linalokula ndoo baada ya ndoo. Tumia ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia dekio, anzia ndani kabisa uelekee mlangoni, na badilisha maji ya kusuuzia tu yanapochafuka. Maji yaliyosuuziwa nguo yanafaa kudekia, na yaliyodekia yanafaa kumwagwa chooni. Hakuna sababu ya kuyaachia yateremke kwenye vibaraza vya majirani wa chini, kwa maana maji machafu ya vilima vingi vya jiji hili hufuata mifereji na Mto Mirongo, na Mirongo huishia ziwani.

Kanuni ya kuanza na ukavu huonekana wazi zaidi msimu wa wadudu wa ziwani, wale wadogo wanaoinuka mawingu kwa mawingu juu ya maji, hasa karibu na mwezi mwandamo. Wanafanana na mbu lakini hawaumi wala hawaenezi malaria, kwa hiyo kununua makopo ya dawa ya kupulizia ili kupambana na wadudu waliozaliwa katika ziwa zima ni kupoteza fedha. Wanafuata mwanga. Zima taa ya nje jioni, shusha pazia kabla ya kuwasha ya ndani, na ukihitaji mwanga nje uweke mbali na mlango. Asubuhi utawakuta ukutani na dirishani wakiwa wafu na wakavu, wepesi kiasi kwamba fagio laini huwaangusha wote. Ukiwapangusa kwa kitambaa kibichi hupondeka, hutia doa rangi ya ukuta na kutoa harufu. Baadhi ya watu hupata mzio kutokana na vumbi lao, hivyo funika pua kwa kitambaa unapofagia na uwazoe mara moja.

Dhana: kuoshea ziwani ni kuokoa maji na fedha

Naiweka dhana hii peke yake kwa sababu gharama yake inalipwa na mwili. Maji ya kingo za Ziwa Victoria, hasa penye majani na maji yaliyotulia, yana konokono wanaotoa vimelea vya kichocho. Vimelea hivyo hupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa muda wa dakika chache tu, na aina inayotawala mwambao huu hushambulia utumbo na ini. Anayesimama kwenye maji ya magotini akiosha sufuria au kufua mashuka anakaa humo muda mrefu kuliko muda ambao kimelea kinauhitaji, na watoto wanaomsaidia hukaa muda mrefu zaidi. Kuona maji yanang'aa hakumaanishi kwamba ni salama, na povu la sabuni linalomzunguka haliwi kinga.

Asiye na bomba na asiye na budi kutumia maji ya ziwa anaweza kujilinda bila gharama kubwa. Vimelea vya kichocho vikishatoka kwenye konokono haviishi zaidi ya siku mbili hivi bila kupata mwili wa kuingia. Maji yaliyochujwa kwa kitambaa ili konokono wasiingie, yakafunikwa na kutulia kwa siku mbili, hayana tena hatari hiyo kwa kuoga, kufua na kudeki. Mapipa mawili yanatosha kuendesha zamu: moja likitulia, jingine linatumika. Kuchota kwenyewe kufanyike haraka, mahali pasipo majani, kwa ndoo yenye kamba ikiwezekana. Kutuliza maji hakuondoi vijidudu vya kuhara, kwa hiyo ya kunywa na ya kusuuzia vyombo vya chakula yachemshwe au yatiwe dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa.

Dhana: kinachonukia ni kisafi

Marashi hufunika harufu, na harufu ni taarifa inayofaa kusikilizwa. Jikoni, chanzo chake mara nyingi ni kitambaa cha vyombo, kilichokunjwa kikiwa kibichi pembeni ya karai, ambacho kwa joto la Mwanza huzalisha bakteria usiku kucha na kesho yake huwapaka kwenye kila sahani. Kifue kila siku na kukianika juani kikiwa kimetandazwa. Dodoki, linalojiotea kwenye ua bila kugharimu kitu, hukauka upesi kuliko sponji nene. Kwa vyombo vyenyewe, kichanja cha miti kilichokuwa kikisisitizwa tangu kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 bado hakijapata mshindani: vyombo hukauka kwa upepo na jua, mbali na kuku na vumbi la ardhini, bila taulo la kuvifutia.

Dhana: mpangilio huanza kwa kununua kabati

Chumba kilichojaa vitu hakipangiki, na kabati jipya huongeza tu kitu kimoja zaidi humo ndani. Kazi ya kwanza ni kutoa. Nguo zisizowatosha tena watoto, sufuria iliyotoboka, viatu vya upande mmoja na dumu lisilo na kifuniko vinakula nafasi unayoilipia kodi kila mwezi. Vinavyofaa wape wenye kuvihitaji au viuze kwa bei ya mtumba. Chakavu cha chuma kina wanunuzi wanaopita mtaani. Vikishatoka, mara nyingi utagundua kwamba kabati halihitajiki.

Baada ya hapo, weka kila kitu karibu na mahali kinapotumika na ukipe makao yake ya kudumu, kwa kuwa muda mwingi wa usafi hupotea katika kutafuta na kuhamisha. Misumari ukutani hubeba fagio, dekio na sufuria zenye mikono. Banzi mbili juu ya matofali ni rafu nzuri ya unga na mchele, na kuinua vyakula juu ya sakafu huwanyima panya na mende maficho na kurahisisha kufagia chini. Nguo za msimu zikaushwe vizuri na kufungwa kwenye sanduku pamoja na majani makavu ya mwarobaini. Vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo nisingevishauri kwa nguo za mtoto mchanga, kwani kemikali yake inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za watoto waliozaliwa na upungufu fulani wa kimeng'enya, na wengi hawajulikani mpaka waugue.

Ndoo za mafuta ya kula na makopo ya maziwa ya unga, yakioshwa na kukaushwa kabisa, huhifadhi nafaka vizuri kuliko vyombo vingi vya dukani, mradi yana vifuniko vinavyobana. Lakini chombo kilichowahi kubeba dawa ya shambani, oili ya gari au rangi hakisafishiki kwa ajili ya chakula wala maji, hata kikisuguliwa mara ngapi, maana plastiki hufyonza kemikali na kuzitoa taratibu. Chombo cha namna hiyo kitoboe kabla ya kukitupa, ili asije mwingine akakiokota na kukitumia kuchotea maji.